Kumwonjesha Mgeni Muziki

Marehemu baba yangu alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku alipokuwa mgonjwa. Mgeni alipoingia nyumbani kwetu na rubisi ikaletwa katika kibuyu, baba aliushika mrija yeye kwanza, akanywa funda moja mbele ya macho ya mgeni, akanyamaza kidogo, kisha ndipo akakipitisha kibuyu. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ulafi. Nilipokua nikaambiwa kuwa zamani watu waliogopana kwa sumu, na ya kuwa mwenye nyumba huonja ili mgeni ajue kwamba kama kuna kifo ndani ya kibuyu basi watakufa wawili. Baba mwenyewe, nilipomwuliza, alinipa sababu nyingine. Alisema kuwa rubisi changa huumiza tumbo na iliyokaa sana huumiza kichwa, na mtu hawezi kujua imefikia wapi kwa kuitazama wala kwa kuambiwa na jirani. Hana budi kuitia kinywani mwake.

Nimeikumbuka desturi hii mara nyingi kwa sababu ya jambo ambalo watu wengi wataliona dogo. Tunaishi katika wakati ambapo kila mtu humsifia mwenzake kitu: kitabu, mganga, mbegu ya kahawa, wimbo. Sifa hutolewa bure na hupokewa bure, wala hapana mtu aihesabuye miongoni mwa matendo yake. Nami nauliza: mtu anayemwelekeza mwenzake kwenye muziki asioujua, akamwambia aanze na huu kisha aendelee na ule, je, ana deni lolote juu ya yatakayotokea katika moyo wa aliyemsikiliza? Wako watakaonijibu upesi kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi, na kwamba katika mambo ya ladha hakuna dhambi wala thawabu. Jibu hilo lilinitosha mimi pia kwa muda mrefu. Nitaeleza yaliyonipata, kwa maana swali la wema na ubaya likitengwa na tendo lililolizaa huwa kama samaki aliyetolewa ziwani: laweza kutazamwa pande zote, lakini haliogelei tena.

Dada yangu aliolewa Muleba, katika nyanda za juu za Kamachumu, kwenye nyumba iliyozungukwa na kibanja cha migomba na mibuni kama zilivyo nyumba nyingi za huko. Baba mkwe wake alikuwa mpiga nanga. Wasomaji wa pwani wasicheke. Hii si nanga ya jahazi. Ni ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu, umepitishiwa nyuzi kutoka ncha hadi ncha, na mpigaji huzidonoa nyuzi zile kwa vidole huku akighani habari za mashujaa, za Rukiza na za Kachwenyanja. Ruth Finnegan alipoandika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970 alitia shaka kama bara letu lina tendi hasa, M. M. Mulokozi alizishika nanga za Buhaya ziwe sehemu ya jibu, katika makala yake ya mwaka 1983 na katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986. Mzee wetu hakuwa na habari ya ugomvi huo. Yeye alipiga nanga jioni, kahawa ilipokwisha kuanuliwa, na mjukuu wake, mwana wa pili wa dada yangu, alikaa ubavuni pake akiushikilia ubao usiteleze. Kijana huyo alikuwa amekwisha kujua kupiga vipande vitatu au vinne, na sauti yake ilikuwa imeanza kufuata ya babu yake kama ndama amfuatavyo mama.

Mwaka 2008, akiwa kidato cha tatu, alikuja kunitembelea Bukoba mjini nilikokuwa nikifundisha. Aliniamkia, akaketi, akaanza kuzipindua kanda na sahani za muziki nilizozikusanya tangu siku zangu za uanafunzi Dar es Salaam.

"Mjomba," akasema, "kuna muziki watu wanauita jazi ya roki. Nimeusoma gazetini. Mtu akitaka kuujua aanzie wapi?"

Sijui kama liko swali liwezalo kumpendeza mwalimu kuliko hilo. Aliyeulizwa "nianzie wapi" hupandishwa cheo papo hapo. Aliyekuwa mtu mwenye kanda sitini za zamani huwa mlinzi wa lango. Nilivuta kiti.

Kwanza ilinibidi kuliondoa neno njiani. Kwetu jazi lilikuwa jina la bendi ya dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Ikaja Western Jazz, ikaja Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ikaja NUTA Jazz mwaka 1964, na muziki wao ulikuwa rumba na chacha na ngoma zetu zilizovishwa magitaa, wenye undugu mkubwa zaidi na Kuba na Kongo kuliko na New Orleans. Kwa hiyo kijana wa Muleba halifikii neno hili likiwa tupu. Hulikuta limejaa tayari, na nikalimwaga lililokuwamo pasipo kufikiri, kama mtu amwagaye maji ya jana ili atie ya leo.

Kisha nikamweleza kwa kadiri nilivyojua. Nilimwambia kuwa mwezi wa Agosti 1969 mpiga tarumbeta Miles Davis aliwakusanya wenzake studioni New York kwa siku tatu, akawapa vipande vifupi tu vya kufuata. Kwamba ala za umeme, ambazo wapenzi wengi wa jazi walizidharau kuwa ni za vijana wa roki, zilijaa chumbani. Na kwamba baadaye Teo Macero aliukata utepe na kuuunga upya, hata muziki ule ukawa umetungwa mara mbili, mara moja kwa vidole na mara ya pili kwa wembe. Sahani zake mbili zilitoka mwaka 1970 kwa jina la Bitches Brew. Katika chumba kile walikuwamo watu ambao punde si punde walikwenda kuweka nyumba zao wenyewe: Joe Zawinul na Wayne Shorter wakaunda Weather Report, John McLaughlin akaunda Mahavishnu Orchestra, Chick Corea akaunda Return to Forever.

Likabaki swali la utaratibu, na hapa ndipo wanaosifia muziki hugawanyika. Wengine husema mgeni apewe kilicho kikuu tangu siku ya kwanza, ashinde au ashindwe. Wengine husema apewe kitamu, kikali kitakuja baadaye. Mgeni wa kwetu hupewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na ganda lake, na asiyezoea hutema. Na nimeona wenyeji wa namna mbili, mmoja amwambiaye mgeni aendelee kutafuna mpaka uchungu ugeuke, na mwingine amletee ndizi mbivu kwanza. Mimi nilikuwa mtu wa ndizi mbivu. Nilimwandikia katika karatasi sahani tano. Ya kwanza Heavy Weather ya Weather Report, ya mwaka 1977, ambayo wimbo wake wa kufungulia, Birdland, mtu aweza kuupiga mluzi baada ya kuusikia mara mbili. Ya pili Head Hunters ya Herbie Hancock, ya mwaka 1973, ambayo mdundo wake wa chini huinua miguu kabla akili haijaulizwa. Ya tatu Light as a Feather ya Return to Forever, ya mwaka 1973 pia, kwa ajili ya sauti ya Flora Purim wa Brazili na wepesi wa vidole vya Corea. Ya nne Birds of Fire ya Mahavishnu Orchestra, ya mwaka ule ule, yenye gitaa na fidla zinazokimbizana juu ya hesabu za mapigo zisizogawanyika kwa mbili. Na kileleni, ya tano, Bitches Brew. Nilichora ngazi pembeni mwa karatasi, na namba juu ya kila kipago.

Sizijutii sahani zile zenyewe. Billy Cobham akipiga ngoma katika Birds of Fire ni kiumbe wa ajabu. Husikika kama watu wanne wanaogombana na ambao hata hivyo wanakubaliana wapi pa kusimama. Ningependa kila mtu amsikie walau mara moja. Ninachojutia ni ngazi. Nilidhani ya kuwa ngazi ni huruma kwa mgeni, kumbe ngazi ni hukumu. Ikisema hiki ni cha kwanza na kile ni cha tano, imekwisha kusema kuwa aliye juu ni bora na aliye chini ni mwanafunzi. Na kijana mwenye akili husoma zaidi ya kilichoandikwa. Aliitazama karatasi yangu, akaitafuta nanga ya babu yake katika vipago vitano, hakuiona. Sikuwa nimemwambia kuwa nanga ni duni. Sikuitaja kabisa. Naye akaiweka pale panapowekwa kitu kisichotajwa katika ngazi, yaani ardhini, mahali pa kukanyagia kabla ya kupanda.

Yaliyofuata naweza kuyasema kwa maneno machache. Alipenda Birds of Fire kuliko zote. Msimu uliofuata, fedha za kahawa zilipopatikana, alinunua gitaa. Jioni zake zikawa za gitaa. Babu alimwita mara mbili tatu, kisha akaacha kumwita, kwa kuwa wazee wa kwetu hawaombi kusikilizwa. Alipofariki mwaka 2012 alikuwa na tendi ndefu kichwani ambazo mtu mwingine nyumbani mle hakuzijua mwanzo wala mwisho. Kilichobaki ni dakika 11 zilizorekodiwa kwa simu ndogo na dada yangu, siku moja akiwa anapita na ndoo.

Nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja nyingi, nami nitazitaja kwa haki yake, maana baadhi si dhaifu. Kwanza, kijana alikuwa na hiari, sikumfunga kamba. Pili, nanga ilikwisha kuanza kunyamaza kabla sijazaliwa. Iliheshimiwa katika nyua za Bakama, na ufalme ulipoondolewa baada ya uhuru mpiga nanga alibaki bila baraza. Shule ikachukua mchana wa watoto, na redio ikachukua usiku. Kuisingizia karatasi moja ya mjomba kazi iliyofanywa na karne nzima ni kujikuza. Tatu, hata kama angebaki ubavuni pa babu, labda angechoka mwenyewe.

Hoja ya tatu ni dhana, nami naiacha. Ya kwanza ni kweli, lakini hiari ya mtu hufanya kazi juu ya vile vilivyowekwa mbele yake, na mimi ndiye niliyeombwa kuviweka. Ya pili ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu ni kweli na hata hivyo hainiponyi. Ukuta ukibomolewa na watu mia, kila mmoja akitoa tofali moja, hapana hata mmoja aliyebomoa ukuta. Walakini ukuta haupo, na tofali limo mkononi mwa kila mmoja. Ukubwa wa kosa la wote haupunguzi udogo wa langu mpaka likawa si kitu. Linabaki dogo, nalo ni langu.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu, kicheko kisicho na raha. Katika sahani ya Head Hunters, ile niliyoiweka kwenye kipago cha pili, umo wimbo wa Watermelon Man. Hancock alikuwa ameurekodi mara ya kwanza mwaka 1962 kwa namna ya kawaida ya jazi. Katika toleo la mwaka 1973 huanza kwa sauti ya ajabu ya mluzi na koo, zikipokezana upesi: ni Bill Summers anapuliza chupa. Nilikuwa nimemsifia mpwa wangu mwanzo ule kuwa ni ubunifu wa kisasa. Kumbe sauti ile iliigwa kutoka kwa Wabenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao hupuliza filimbi yenye noti moja tu na kuijibu kwa sauti zao wenyewe; Simha Arom na Geneviève Taurelle waliwarekodi, na rekodi yao ilitoka mwaka 1966. Majina ya wapulizaji wale hayakuwamo katika ganda la sahani ya Marekani.

Filimbi yenye noti moja! Mtu wa Buhaya hahitaji kusafiri mpaka msituni ili aielewe. Makondere yetu, zile pembe za vibuyu zilizopulizwa mbele ya wafalme katika nchi hizi za maziwa, ndivyo yalivyo: kila mpulizaji ana sauti moja, naye hungoja zamu yake, na wimbo hauko katika kinywa cha mtu yeyote bali hupita kati yao. Mtoto aliyekulia ambako makondere hupigwa alikuwa na ufunguo wa Head Hunters mfukoni kabla ya kuisikia. Mimi nilimwambia aanze upya, kana kwamba alikuja mikono mitupu.

Hapa wako watakaoniuliza kama kosa si la Hancock badala ya langu, yaani kama muziki wa mchanganyiko wenyewe si wizi. Sikubali. Hancock huyu huyu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa na kikundi ambacho wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili: yeye akaitwa Mwandishi, na albamu ya mwaka 1971 ikapewa jina hilo, Buster Williams akaitwa Mchezaji, Billy Hart akaitwa Jabali, Eddie Henderson, ambaye kwa kweli alikuwa daktari, akaitwa Mganga. Walikuwa watu weusi wa Marekani wakitafuta njia ya kurudi mahali walipotolewa bila kuulizwa. Mswahili awezaye kuwakasirikia kwa majina hayo ana moyo mdogo. Waliazima na wakaonyesha walichoazima, kikasomeka juu ya ganda. Chupa ya Summers nayo iliazimwa kwa mapenzi, lakini haikusema imetoka kwa nani. Tofauti ya mambo haya mawili haimo katika muziki, maana masikio hayawezi kuisikia. Imo katika kumtaja aliyeazimisha. Na asiyetajwa na mwimbaji angeweza kutajwa na msifiaji. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo, nami sikuifanya, kwa sababu sikuijua, na sikuijua kwa sababu sikuitafuta.

Mfano ulio bora ninao papa hapa Bukoba. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa kijiji cha Rwongwe, alitoa Maria Salome, wimbo ambao nchi nzima huuita kwa jina la Chambua Kama Karanga. Ulikuwa mchanganyiko hasa: uimbaji wa Kihaya juu ya vyombo vya studio. Watu wa Mtwara na wa Tanga waliucheza bila kujua maana ya maneno yake mengi, na nakumbuka kiburi tulichokuwa nacho tulipoombwa kuyatafsiri. Mwaka 2016, mwaka ule ule tetemeko la tarehe 10 Septemba lilipobomoa nyumba zetu, Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny waliutoa upya kwa jina la Salome. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao walikuwa watoto wachanga mwaka 2001, walikuja darasani wakiimba wimbo wa kijana wa mjini, na baada ya juma moja walikuwa wakimtafuta Saida. Wimbo mpya ulikuwa umelihifadhi jina la kale ndani yake kama mbegu, na masikio yakalifuata. Hapakuwa na ngazi pale. Palikuwa na mlango wenye pande mbili.

Nimekuwa nikijiuliza pia kwa nini katika vipago vitano hakuwamo mtu wa kwetu hata mmoja. Haikuwa kwa kukosa. Sunburst walikuwa wakipiga roki yenye ngoma za Afrika mjini Dar es Salaam tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na albamu yao Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Uingereza ilizikusanya rekodi zao na kuzitoa tena, nasi tukazipokea kana kwamba tumeletewa habari za ugenini. Patrick Balisidya wa Afro 70 alikwenda Uswidi akarekodi pamoja na kikundi cha Archimedes Badkar albamu ya Bado Kidogo, mwaka 1979. Huo ulikuwa mchanganyiko wa haki kama wowote wa New York, na gitaa lake lingeingia katika sikio la kijana wa Kamachumu bila kubisha hodi. Na kama nilitaka nanga iwe katika sahani, ilikuwamo: Hugh Tracey aliwarekodi Wahaya aliposafiri Tanganyika mwaka 1950, na maktaba yake ya muziki wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1954, imezihifadhi rekodi zake Afrika Kusini. Ningeweza kuwaweka wote hawa katika karatasi moja, bila namba.

Sikuwaweka kwa kuwa karatasi yangu haikuwa yangu. Hili ndilo ungamo ambalo nimelizungukia tangu nilipoanza, na mpwa wangu ndiye aliyelitoa. Alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya hoteli moja ya Mwanza, akarudi nyumbani mwaka 2019 kuangalia kibanja. Tulikuwa tumeketi Kamachumu, nyumbani kwa dada yangu, na kulikuwa na msichana wa jirani, mwanafunzi, ambaye alikuwa amekuja kumwuliza swali lile lile: aanzie wapi. Mpwa wangu hakumjibu mara moja. Alinigeukia.

"Mjomba, unisamehe kwa kuuliza. Ile ya tano uliyoniandikia, wewe uliisikiliza mpaka mwisho?"

Bitches Brew ni zaidi ya dakika 90. Nilikuwa nayo tangu mwaka 1988, katika kanda mbili. Niliusikiliza upande wa kwanza mara nyingi, wa pili mara chache, na kanda ya pili sikuwa nimeifungua mpaka mwisho hata siku moja, kwa sababu ilinichosha. Niliiweka kileleni kwa kuwa kila niliyemsoma aliiweka kileleni. Nilimpa mgeni kibuyu ambacho sikukionja, nikamwambia ndicho kikubwa kuliko vyote, na kwa jina lake nikavifanya vidogo vile ambavyo nilikuwa nimevionja tangu utotoni, pamoja na jioni za babu yake, ambazo nami nilikuwa nimezikalia, na zikanitoa machozi, na sikumwambia mtu.

"Hapana," nikamwambia. "Sikuimaliza."

Hakucheka, wala hakukasirika. Alisema kuwa yeye aliimaliza mara mbili, na kwamba mara ya kwanza aliichukia. Kisha akaingia ndani akaleta spika ndogo, akaiweka juu ya kigoda, akamwambia msichana akae. Tukaisikiliza yote. Giza liliingia tukiwa katikati yake. Dada yangu alipita mara moja akauliza kama chombo kimeharibika. Nakiri kuwa sehemu fulani zilinichosha vilevile kama zamani, na sehemu nyingine, hasa katika kanda ile ambayo sikuifungua, zilinifanya nisahau kuwa nimeketi. Msichana alikuwa akitazama nondo waliozunguka taa. Alipoulizwa ameonaje alisema hajui bado, jibu ambalo mimi sikuwa nimelitoa kwa mtu yeyote katika miaka thelathini.

Mpwa wangu akachukua simu yake, akatafuta kwa muda, na spika ile ile ikatoa kwanza mlio wa ndoo ikiwekwa chini, kisha nyuzi, kisha sauti ya mzee. Alikuwa amefika pale Kachwenyanja anapojiandaa kwenda vitani. Dakika ya 11 anakohoa, anamwambia mtu asogee kwenye mwanga, anaanza mstari mwingine, na simu inakatika.

"Inaendeleaje?" msichana akauliza.

Mpwa wangu alisema anakumbuka kipande kinachofuata, si chote, lakini anakikumbuka. Akainuka kwenda kuutafuta ubao, ambao dada yangu alikuwa akiuanikia kahawa.